Mjomba, Leo Sina Mzuka

Juzi jioni mpwa wangu alitoka chumbani amejifunga blanketi kiunoni, sweta mbili juu, akasimama mlangoni mwa jiko kama mtu aliyeleta habari ya msiba.

"Mjomba, leo sina mzuka."

Kwa bibi yangu, mzuka ni kile kinachotembea makaburini usiku na mtu mwenye akili zake hakiombi kije. Kwa binti wa miaka 17 wa hapa Mbeya, mzuka ni hamu, ule moto wa kukufanya ufungue kitabu bila kusukumwa. Yuko kidato cha nne. Mtihani wa taifa ni Novemba, sasa ni Julai, na Julai ya huku wenyewe mnaijua: asubuhi ukipiga mwayo sebuleni unauona mvuke wako.

Nikaenda kuangalia meza yake. Juu ya meza, ukutani, kuna ratiba. Nawaambieni, ni kazi ya sanaa. Karatasi ya manila nzima, mistari ya rula, kalamu za rangi nne, masomo tisa. Kuamka saa kumi alfajiri, kulala saa sita usiku, vipindi vya dakika 40 kama vya darasani. Jumamosi peke yake nilihesabu vipindi 21. Kuna kiboksi kimeandikwa "kuoga", dakika 10, na kwa maji ya Julai nakubali hata hizo ni nyingi. Ilikuwa imebandikwa Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na tangu Jumanne ratiba ilikuwa imeshageuka pambo.

Sikumcheka. Ratiba ile ninaifahamu, nimewahi kuichora mwenyewe, tena mara nne.

Mimi ni wa kundi la mwaka 2012. Mtanzania wa rika langu akisikia hivyo anatikisa kichwa tu. Matokeo yalipotoka mwanzoni mwa 2013 zaidi ya nusu ya watahiniwa tulikuwa na sifuri. Nchi nzima ikapiga kelele, Waziri Mkuu akaunda tume, na mwezi Mei matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Yangu yakapanda kutoka pointi 34 hadi 32 (pointi zikipungua ndipo daraja linapanda), yaani kutoka sifuri hadi daraja la nne la mkiani: D tatu, zilizobaki F. Nyumbani walisherehekea kwa soda moja ya kugawana. Mimi nilijua ukweli wangu. Tume ilikuwa imenisogeza pointi mbili, lakini haikuniingiza kitu kichwani. Na nilikuwa nimesoma jamani, si kwamba nilikuwa mhuni. Nilikesha na miguu kwenye beseni la maji baridi ili usingizi usinichukue, hapa hapa Mbeya, nikapata mafua ya wiki tatu. Msuli niliupiga.

Tangu yale matokeo ya kwanza nilikuwa nimeshajiandikisha kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, na nikahamia kwa bibi yangu Uyole, mama yake mama, kwa sababu pale kulikuwa na chumba na kazi ya kunilipia chakula changu. Bibi alikuwa anauza viazi kando ya barabara kuu, ile ya kwenda Iringa na Dar es Salaam. Viazi mviringo, kwa sado, lile kopo la kupimia, na kwa ndoo. Asubuhi kupanga, mchana kuuza, jioni kurudisha. Nikasoma saa ngapi? Ndipo nikachora ratiba ya kwanza. Ikafa siku ya pili, lori la viazi lilipokuja saa nane badala ya saa nne. Nikachora ya pili. Hiyo niliipaka rangi.

Nilichelewa sana kuling'amua jambo hili, nami nalisema bila kulainisha: kuchora ratiba kulikuwa ni kukwepa kusoma. Ukimaliza kuchora unajisikia umefanya kazi kubwa, roho inatulia, unalala vizuri. Halafu kesho yake inakudai vipindi 14, unalipa vitatu, jioni una deni la 11, keshokutwa una deni la 20. Hakuna mtu anayependa kukutana na anayemdai. Unaanza kukipita chumba chako kwa mbali. Huko ndiko mzuka unakopotelea, ukutani, kwenye karatasi ya manila.

Kilichoniokoa kilianza na moto, tena kwa maana zote mbili.

Ilikuwa Julai kama hii. Chumba changu kilikuwa na dirisha dogo, nimeliziba na gunia kwa sababu ya upepo. Usiku mmoja nikaingiza jiko la mkaa ndani, nikafunga mlango, nikakaa raha mustarehe na daftari la kemia. Nakumbuka mpaka ukurasa. Nilikuwa nasoma kwa sauti kwamba kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, hutokea mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha, na ikiingia kwenye damu hushikana na himoglobini kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Nilisoma hivyo mara tano, nikarudia nimefumba macho, sikukosea neno. Kichwa kikaanza kugonga. Nikadhani ni uchovu wa msuli, nikalaza kichwa mezani.

Bibi ndiye aliyenivuta nje. Alikuwa ametoka kwenda chooni, akaona mwanga chini ya mlango na kusikia kimya. Nilitapika kwenye majani yenye umande wa barafu huku yeye ananipepea kwa kanga na kufoka kwa Kinyakyusa, maneno ambayo sitayaandika hapa. Alipotulia akaniuliza kwa Kiswahili, "Mume wangu, hicho kitabu chako hakijakwambia jiko halilazwi ndani?"

Kilikuwa kimeniambia, mara tano kwa sauti yangu mwenyewe. (Wenye watoto wanaosoma usiku msimu huu: jiko la mkaa lisiingie chumbani kabisa. Ongezeni blanketi.)

Niliikumbuka aibu ile muda mrefu kuliko maumivu ya kichwa. Nilikuwa nimelikariri jambo na wakati huo huo linaniua, na sikuwa nimeunganisha hayo mawili. Asubuhi yake nilichukua kaunta buku mpya, sikuchora ratiba. Nilipiga mstari mmoja katikati ya ukurasa kuanzia juu hadi chini. Kushoto nikaandika nisilolijua. Kulia nikaacha wazi, pa kuandika tarehe nitakapolijua.

Mpangilio wenyewe ulikuwa huo tu, hakuna rangi. Nilichukua mtihani wa miaka ya nyuma, nikajibu maswali bila kufungua daftari, na kila nililokosa likaenda kushoto kwa maneno machache: "kwa nini mizani ya mlinganyo huu haikai", "tofauti ya hali ya hewa na tabianchi". Siku ya kwanza nilijaza kurasa tatu, mkono ukauma na moyo ukauma zaidi. Lakini kulikuwa na ahueni moja ambayo sikuitarajia. Deni la ratiba halina mwisho, ila orodha hii ilikuwa na mwisho. Ujinga wangu ulikuwa na idadi, nami nikawa naupunguza mstari kwa mstari kati ya mteja wa sado na mteja wa ndoo.

Tarehe upande wa kulia sikuiandika mara moja. Nilijiwekea kwamba swali likishajibika leo, lirudi kesho, lirudi baada ya siku tatu, lirudi baada ya wiki. Likinishinda popote katikati, linaanza upya. Niliifanya kwa kubahatisha, kwa sababu nilikuwa nimeshagundua kwamba la jana ninalijua na la juzi limeondoka. Miaka baadaye nikasoma kwamba Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alishaipima hali hiyo na kuichapisha mwaka 1885. Alijikaririsha silabi zisizo na maana, kisha akaangalia amebaki na ngapi. Ndani ya saa moja alikuwa amepoteza zaidi ya nusu. Nikasoma pia kuhusu jaribio la Marekani la mwaka 2006, la Roediger na Karpicke: wanafunzi waliosoma andiko kwa kulirudiarudia waliwashinda wenzao walipoulizwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja walioshinda ni wale waliojiuliza maswali badala ya kurudia kusoma. Hizo dakika tano ndizo zilizonidanganya mwaka 2012. Unafunga daftari, unajisikia umejaa. Mtihani lakini hauji baada ya dakika tano.

Sasa kuhusu lugha, ambayo watu wanapenda kuizungukazunguka. Sekondari tunafundishwa kwa Kiingereza, tunacheka kwa Kiswahili, na wengine tunakemewa kwa Kinyakyusa. Mimi nilikuwa naweza kutamka maana ya osmosisi kwa Kiingereza kama kasuku, bila kujua inazungumzia nini duniani. Siku moja bibi alikata viazi vya kukaanga, vipande vyembamba, akavinyunyizia chumvi kwenye bakuli, akaenda kuhudumia mteja. Aliporudi vilikuwa vimelegea kama masikio ya mbuzi, na chini ya bakuli kuna maji. Nikamuuliza maji yametoka wapi, maana hakuyaweka.

"Chumvi imeyaita," akasema. "Chumvi huita maji."

Nikabaki nimeshika bakuli. Maji yametoka ndani ya kiazi, kwenye maji mengi, yakapenya utando wa chembe hai kwenda kwenye chumvi nyingi. Miaka miwili ya kukariri, na jibu lilikuwa kwenye bakuli la plastiki. Tangu siku hiyo nikawa kila kitu namweleza bibi kwa Kiswahili kwanza. Akikunja uso, najua sijaelewa mimi. Akisema "ahaa", ninaingia ndani kukiandika kwa Kiingereza cha mtihani. Hizo ni kazi mbili tofauti, na anayeruka ya kwanza anabeba gunia asilojua ndani lina nini. Msije mkadhani nasema Kiingereza kiachwe. Msahihishaji hatakusikia ukisema chumvi imeita maji.

Historia ilinisumbua kwa miaka yake. Baba yangu mdogo alikuwa utingo wa lori la Dar, na kila akipita Uyole alitusimulia njia. Ndiye aliyeniambia kuwa Lugalo, pale Wahehe walipokiangamiza kikosi cha Wajerumani cha Zelewski, si neno la kitabuni tu, ni mahali pa barabarani ukishaiacha Iringa kuelekea Morogoro. Basi nikaipanga habari ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, kwenye vituo vya daladala ya kutoka Uyole kwenda mjini. Agosti 1891, Lugalo, nikaipandisha Uyole. Oktoba 1894, ngome ya Kalenga inaanguka, Nane Nane. Julai 1898, Mkwawa anajiua asikamatwe, Mwanjelwa. Na fuvu lake, lile ambalo Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza lirudishwe likakaa ughaibuni mpaka 1954, nikaliteremsha stendi kuu. Mpaka leo nikisikia konda anaita Nane Nane, namwona Mkwawa anaipoteza Kalenga.

Diskasheni nazo nilijaribu. Tulikuwa wanne, tunakutana Jumamosi. Saa tatu za diskasheni ukizikamua zinatoa dakika 40 za masomo, nyingine ni nani kaachana na nani. Zikapona tulipokubaliana kila mtu aje na swali moja kutoka upande wake wa kushoto, moja tu, na asiyeweza kulieleza asimame mpaka mwingine alieleze. Kwenye baridi ya Uyole hakuna anayependa kusimama.

Kiini chenyewe ni kule kuanza. Mpwa wangu hakosi kalamu wala akili. Anakosa dakika 10 za kwanza. Na hapo tena mwalimu wangu ni bibi.

Bibi alikuwa na jiko la mkaa, lakini chakula cha kweli, maharage na kande, alikipikia kwenye mafiga kwa kuni. Usiku, wakati wenzake wanamwaga maji kuzima, yeye alichagua kijinga kimoja kinene kilichoshika moto vizuri, akakilaza katikati ya mafiga na kukifukia kwenye majivu, kitaratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. Asubuhi saa kumi na moja, umande umeganda nje, alifukua, akaweka majani makavu mawili matatu, akapuliza mara moja. Moto. Sikuwahi kumwona akitafuta kiberiti asubuhi. Jirani yetu, aliyezima wake kila usiku, ndiye aliyekuja na kipande cha bati kuomba moto kwetu, siku zote, akiwa amechelewa, akiwa amenuna.

Mimi nilikuwa yule jirani. Kila usiku nilisoma mpaka nimalize mada, nafunga daftari kwa kishindo, najipongeza. Kesho yake nakuta mada mpya, baridi, isiyo na pa kushika, nami natafuta kiberiti. Nikabadili. Nikawa naacha swali katikati. Si gumu, la wastani, ambalo hatua inayofuata ninaiona kabisa. Naandika nusu ya mstari, naweka kalamu juu yake, naondoka. Inakereka. Unalala unaliwaza. Lakini asubuhi hukai kuulizana na nafsi yako kama una hamu au huna, mkono unaenda wenyewe kumalizia ule mstari, na ukishaumaliza tayari umeketi, umeshika kalamu, unasoma. Hamu hunikuta nimeshaanza. Sijawahi kuiona ikitangulia.

Siku mbaya zilikuwepo. Kuna wiki ya Septemba bibi aliugua na sikufungua daftari siku sita. Zamani ningeichana ratiba na kuanza upya Jumatatu, maana sisi wenye ratiba tunaipenda Jumatatu. Safari hii hapakuwa na cha kuchana. Orodha ilikuwa palepale, swali nililoliacha nusu lilikuwa palepale. Nikalimalizia nikiwa nimekaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake.

Nilipata C nne. Kwa mtu wa D tatu, hizo zilikuwa mlima. Tatu zilitosha kwenda kidato cha tano, ya nne bibi alidai ni yake, ya baiolojia, na sikubishana naye.

Basi juzi nikarudi jikoni nikamwambia mpwa wangu aketi. Sikumpa hotuba, maana kwa wiki hii alishazipata za mama yake kwa simu. Nilimwuliza anaweza kunitajia vitu 10 vya hisabati asivyovijua. Akasema, "Mjomba, hisabati yote siijui." Nikamwambia hilo si jibu, hilo ni sononeko. Tukachukua mtihani wa miaka ya nyuma, akafanya sehemu A bila kunyanyua kichwa kwenda daftarini. Alikosa manne, sita akapata. Akayaangalia yale sita kwa muda kuliko manne.

Kisha nikamwonyesha kitu ambacho enzi zangu sikukijua: Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake uchambuzi wa majibu ya watahiniwa wa miaka iliyopita, somo kwa somo, na ndani yake kuna majibu mabaya ya watu halisi na maelezo ya walipoteleza. Ni bure. Tulicheka majibu mawili, la tatu akanyamaza, kwa sababu na yeye angejibu vilevile. Uchambuzi huo ni bora kuliko zile "pepa zilizovuja" zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp kila Oktoba, ambazo zikiwa feki umeliwa hela na zikiwa za kweli unafutiwa matokeo.

Simu yenyewe tumekubaliana. Saa moja jioni inaingia kwenye sado la bibi, ambalo nililirithi na limebonyea upande mmoja, linakaa juu ya kabati langu. Saa tatu inatoka. Siku ya kwanza alilitazama lile sado kama kaburi.

Ratiba ya manila hatukuichana. Ameigeuza, upande wa nyuma mweupe amepiga mstari katikati, juu mpaka chini. Kushoto hadi jana usiku kulikuwa na mistari 23. Kulia hakuna tarehe hata moja, nami nimemkataza kuandika ya uongo.

Jana alikuwa na mlinganyo wa kipeo cha pili, anaugawa kwenye mabano mawili. Saa tatu na nusu nikamwambia aache hapo hapo. Akaniangalia kana kwamba nimemwambia atoke na kiatu kimoja. "Mjomba, bado hatua moja tu!" Nikasema ndiyo. Akaweka kalamu kwa hasira juu ya daftari na kwenda kulala bila kuniaga, wala sikuambiwa "usiku mwema".

Leo alfajiri nilisikia kiti kikiburutwa. Nje kulikuwa bado giza, jogoo wa jirani hajawika, na blanketi lake linaburuta sakafuni kuelekea mezani. Nikajikunyata kitandani nikisubiri. Kikapita kimya, kisha sauti kutoka chumbani kwake, nzito ya usingizi na yenye kinyongo:

"Mjomba. Nilihamisha ile sita bila kubadili alama."